Msamaha Uliotiwa Kinywani mwa Marehemu

Ile epizode ya film ya televisheni ilinitia kichefuchefu cha kweli, cha tumboni. Niliacha sahani yangu ya bukari na ndagala mezani, nikatoka uani, nikatema mate chini ya mpapai na kusukutua mdomo kwa maji ya bidoni. Nyuma yangu tele ilikuwa inaendelea na muziki wake mtamu, vinanda na kwaya, muziki uliotengenezwa ili sisi tulie. Machozi sikuwa nayo. Nilijisikia kama mtu aliyekwisha kumeza ndipo akaambiwa kwamba samaki alikuwa ameoza.

Najua inachekesha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima, na film yenyewe ilikuwa ya vyombo vya angani. Kwa hiyo nieleze tulivyofika hapo.

Papa yangu alikuwa mashinisti wa treni, zamani zile treni zilipokuwa zinatoka hapa Kalemie kwenda bara na kurudi bila watu kushangaa. Ni mtu wa maneno machache. Nyumbani kwetu msemaji alikuwa Mama. Mama alisema kwa ajili yake, kwa ajili yetu, na kwa ajili ya majirani waliokuwa na aibu ya kudai haki yao. Sokoni wauza samaki walimwogopa, na bado walimwita aje kwao kwanza.

Alikwenda Moba kumzika dada yake. Wakati wa kurudi alipanda boti ya mbao, maana ndiyo iliyokuwa inaondoka. Boti ilijaa mifuko ya mahindi, na juu ya mifuko wakakaa watu. Upepo ulipowakuta ziwani, ikalala upande mmoja na haikuinuka tena. Wavuvi walimleta Mama. Tulimzika, tukakaa kilio, watu wakaja, watu wakarudi kwao. Papa akabaki amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na maneno yake machache nayo yakakauka. Ukimuuliza kama amekula, anajibu ndiyo. Ukimuuliza amekula nini, anakutazama tu.

Aliyetuletea ile seri, film ya sehemu nyingi, ni binamu yangu, mtoto wa mdogo wake Papa, aliyehamia kwetu nyumba yao ya ufukweni ilipoingiliwa na maji ya ziwa. Anasoma chuo, na hawezi kukaa kimya. Alikwenda kwenye kibanda kimoja karibu na soko, pale wanapojaza muziki na film kwenye telefone, akarudi na kle, kile kidude cha kuchomeka kwenye tele, imejaa film. "Papa mukubwa, njoo uangalie watu wenye waliondoka kwa sababu ya maji kama sisi," akasema. Papa hakujibu, lakini hakugeuza kiti pia.

Hadithi ilikuwa hivi. Sayari moja imefunikwa yote na maji, na watu waliobaki wamepanda chombo kimoja kikubwa, wanazunguka angani wakitafuta nchi kavu. Juu anakaa Kapteni, mwanamke mrefu mwenye macho makali. Chini kabisa, kwenye joto na kelele, kuna mzee anayetunza mashine. Majina yao ya kizungu sikuyashika vizuri, na Papa hakuyajali. Yule mzee alimwita Mashinisti tangu siku ya kwanza, na sisi tukafuata.

Mashinisti alikuwa na kikohozi kibaya na hakuwa na adabu hata kidogo mbele ya wakubwa. Kapteni akishuka kumwambia aongeze mwendo, anakohoa kwanza, anajipangusa mikono, halafu anamwambia hapana. Mara ya kwanza alipofanya hivyo Papa alicheka. Binamu na mimi tuligeuka wote wawili kumtazama.

"Huyu njo muntu," Papa akasema.

Kutoka hapo akarudi kwetu polepole. Alianza kwa kulaumu: mashine haiwezi kutoa sauti ile, mvuke hautoki hivyo. Halafu akaanza kubishana na mimi, kwa kuwa mimi nilimpenda Kapteni. Nilimpenda alivyobeba uamuzi mzito bila kupiga kelele. Papa alisema mtu asiyesikiliza walio chini atawaua siku moja. "Utaona, Mama," akaniambia. Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi. Tulibishana wakati wa kupepeta mchele, tulibishana nikimsindikiza hospitali kupima damu. Shuleni, wakati wa mapumziko, nilikuwa nawasimulia walimu wenzangu mpaka kengele inalia. Mwanzoni niliipenda seri kwa kuwa ilinirudishia baba yangu. Baadaye niliipenda yenyewe. Nilikuwa mshabiki kabisa, wa kushindwa kula nikisubiri sehemu inayofuata.

Basi, ile Jumamosi kuran, yaani umeme, ilirudi mchana, wakati chakula kinapakuliwa. Tukawasha.

Mashinisti anamwambia Kapteni kwamba mabomba yamechoka, chombo kisimame yatengenezwe. Kapteni anakataa. Kuna chombo kingine kinaelekea sayari ileile, naye anataka afike wa kwanza. Mashinisti anarudi tena, anakohoa, anamwambia kuna vijana kule chini. Anakataliwa. Mabomba yanapasuka. Moshi unajaa. Kapteni anabonyeza kitu na mlango wa chuma unashuka, na Mashinisti na wenzake wako ndani wanagonga. Tunawasikia wanagonga. Halafu hatuwasikii.

Papa hakusema "nilikuambia". Aliweka kijiko chini.

Mpaka hapo ningevumilia. Nilimchukia Kapteni, lakini film inaweza kukuonyesha mtu mbaya na ikabaki film nzuri. Nilingoja wamwambie alichofanya. Nilingoja mtu mmoja tu, hata mfagiaji wa korido, amwangalie usoni aseme.

Badala yake wakaleta mafundi wengine, vijana wasafi wenye nguo nyeupe. Hawawezi kuendesha zile mashine bila yule mzee. Kwa hiyo wanakusanya kila kitu alichowahi kusema, maonyo yake, matusi yake, nyimbo alizokuwa anaimba peke yake akifikiri hakuna anayemsikia. Wanavitia ndani ya mashine inayofikiri, na mashine inaanza kusema kwa sauti yake. Walitia hata kikohozi. Hiki ndicho kilichonigeuza tumbo kwanza. Mtu amekufa kwa moshi, na wao wamekaa wakachagua kikohozi chake kizuri zaidi.

Halafu Kapteni anashuka peke yake, nywele zimefunguliwa, taa ndogo inamwangazia shavu. Anakaa mbele ya mashine, analia vizuri, bila kamasi, na anauliza kama atasamehewa. Mashine inakohoa. Inasema, kwa sauti ya yule mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia ndiyo: "Hakuna cha kusamehe, Kapteni. Ulifanya ulichopaswa kufanya. Nenda ukalale."

Na Kapteni anatabasamu. Kwaya inaanza. Nyota zinapita dirishani.

Hapo ndipo nilipotoka nje.

Niliporudi, Papa alikuwa amesimama mbele ya tele. Binamu alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Ni vizuri walivyofanya," akasema. "Angalau amebaki nao."

"Nani amebaki?" Papa akauliza.

"Mashinisti, Papa mukubwa."

"Mashinisti amekufa. Wamemufungia mulango. Huyu mwenye anasema hapa njo nani?"

"Ni mashine. Lakini inajua vile angesema."

"Vile angesema!" Papa aliinama, akang'oa waya ukutani. Kwaya ikakatika. "Akiwa hai alisema hapana, hawakusikia. Sasa amekufa, wanamulazimisha aseme ndiyo. Hata kufa haikumutosha. Wamemutumia tena."

"Papa mukubwa, ni film tu."

"Najua ni film. Unafikiri mimi ni mupumbavu?"

Binamu yangu hana roho mbaya. Alitaka kupoza mambo, na akayaharibu. Alisema siku hizi hata sisi tunaweza kufanya hivyo, amewaona watu wakifanya kwenye telefone. Unatia sauti za mtu, halafu anakusemesha. Na mimi si nilikuwa bado na ujumbe wa Mama kwenye telefone yangu, zile sauti alizonitumia kutoka Moba? Tungeweza kumfanya Mama amwimbie Papa siku ya kuzaliwa kwake.

"Nyamaza," nikamwambia.

"Nilitaka tu..."

"Nyamaza, nakuomba."

Nilimwona Mama amewekwa ndani ya kitu, anaambiwa acheke, anacheka. Yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpangia cha kusema.

Papa alikaa. Nilifikiri amerudi kwenye ukimya wake, na nikailaani ile seri na wote walioitengeneza. Lakini baada ya muda akasema, akitazama kioo cheusi cha tele:

"Yule naye alifanya vilevile."

"Nani, Papa?"

"Mwenye boti. Pa kilio."

Nilikumbuka mara moja. Siku ile nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia tu "amina" ya watu wengi kutoka nje. Papa alikuwa pale pale, kwenye kiti cha mbele. Mengine nilisimuliwa baadaye. Mwenye boti alikuja na mifuko ya sukari na kreti za vinywaji, akaomba kusema neno. Alisema alimjua marehemu, mama wa imani. Alisema kama angekuwa hapa angetuambia ni mapenzi ya Mungu, na angemshika mkono na kumwambia, mwanangu, nimekusamehe. Watu wakaitikia. Halafu akamfuata Papa pale alipokaa, akauchukua mkono wake kutoka gotini, akautikisa.

"Tangu siku ile," Papa akasema, "kila Jumapili anautikisa."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tunaona na hatukuona. Yule bwana ni mtu mkubwa parokiani, anatoa saruji, anatoa rangi ya kupaka ukuta. Misa ikiisha husimama nje kwenye ngazi na kusalimia watu, na kwa Papa alikuwa na salamu yake maalumu: "Mama anatuombea huko."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Sikujua Papa amekusudia nini. Alivaa koti lake la sherehe za reli, akapiga kiatu rangi. Misa ikaisha, tukatoka, na mwenye boti akaja kwetu amenyoosha mkono.

"Papa, habari ya siku? Mama yetu anatuombea huko."

Papa aliweka mikono yake nyuma.

"Alikuambia?"

"Vipi, Papa?"

"Nauliza kama alikuambia. Kwamba anakuombea. Na pa kilio, kwamba amekusamehe. Alikuambia wapi?"

Yule bwana alicheka kidogo, akawatazama waliokuwa karibu ili nao wacheke. "Papa, yale yalikuwa maneno ya faraja."

"Yalikuwa maneno yako. Umeyatia kwenye kinywa cha muntu mwenye hawezi kuyatema." Papa hakupandisha sauti. Alisema kama anavyosoma ratiba ya treni. "Sijui kama amekusamehe. Wala wewe haujui. Yeye hayuko hapa. Mimi niko hapa. Niko muzima, niko na masikio, na tangu siku ile haujaniuliza hata mara moja. Niulize mimi."

"Papa, tuko kanisani."

"Tuko nje."

Watu walikuwa wamesimama sasa. Mama mmoja wa kwaya alimvuta mwenzake wasogee karibu zaidi. Mwenye boti alijipangusa uso na kitambaa. Nilimwona anapima ni jibu gani litamtoa pale haraka.

"Basi, Papa," akasema. "Unisamehe."

"Hapana," Papa akasema. "Sasa umepata jibu. Kama utataka kuuliza tena, uje wakati hakuna watu."

Tukashuka ngazi. Papa alinishika mkono, na tulitembea hivyo mpaka barabarani. Niliona fahari, na niliona hofu. Katika mji wetu mtu kama yule ana marafiki kila biro ya serikali.

Wiki hizo zilizofuata tulisemwa. Mzee ana uchungu, mzee amezeeka vibaya. Mtu aliyewalipia wengi jeneza leo anaaibishwa mbele ya kanisa. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamke ninayemheshimu, aliniambia kwamba kumnyima mtu msamaha ni dhambi kubwa kuliko kosa lenyewe. Nilimuuliza kama amewahi kuona mifuko ya mahindi ikipakiwa juu ya watu. Akasema mimi naye nimeharibiwa na zile film zangu. Hapo labda alikuwa na haki kidogo.

Halafu siku moja, jua liko kichwani, mwenye boti alikuja nyumbani. Alikuja kwa miguu, bila dereva wake, bila sukari. Nilimpa kiti uani, mbele ya Papa. Binamu aliingia ndani na kuegemea dirisha asikie, na mimi sikumfukuza. Nilibaki pale mlangoni.

Alikaa akitazama viatu vyake.

"Niliambiwa," akasema. "Pale Moba. Waliniambia imejaa. Nikasema pakieni."

Papa akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba amesikia. "Nani alikuambia?"

"Mabaharia. Na yeye pia."

"Yeye nani?"

"Mama. Nilikuwa pale gatini. Alishuka kutoka juu ya mifuko akanifuata. Alinitukana, Papa. Mbele ya watu wangu wote. Alisema, 'Wewe, unatuona sisi ni mahindi?' Alisema nimenenepa kwa mafuta ya watu. Alisema hata nguruwe anajua chombo chake kikijaa. Halafu akaniambia nishushe mifuko, na mimi nikaona haya kushindwa na mwanamke. Nikawaambia waondoke. Akapanda tena, maana alikuwa anataka kurudi kwake."

Jirani alikuwa anatwanga majani ya sombe, nikasikia mchi unapiga.

Papa alianza kutikisika mabega. Nilifikiri analia, nikapiga hatua. Alikuwa anacheka. Na alikuwa analia pia, kamasi zinamtoka, si kama yule Kapteni.

"Hata nguruwe," akasema. "Njo yeye. Huyo njo yeye."

Mwenye boti alisubiri. Nafikiri alidhani kicheko kile kilikuwa msamaha, kwa sababu aliinua uso na kufungua mdomo. Papa akainua mkono kumzuia.

"Usiniulize leo. Asante kwa kuniletea maneno yake. Sasa uende."

Akaondoka. Tangu hapo anapita kwetu mara mojamoja, anakaa kidogo, wanazungumza habari za maji ya ziwa au bei ya mafuta, anaondoka. Sijui kama amemuuliza tena. Ile salamu yake ya ngazini ameiacha. Boti mpya anayo, na nimeiona gatini ikipakiwa. Siku niliyoiona haikujaa kupita kiasi, lakini siendi gatini kila siku, na sitaki kumsifu mtu kwa kitu ambacho alipaswa kukifanya tangu mwanzo.

Ile seri nilijaribu kuendelea nayo mara moja, peke yangu, kwa sababu ushabiki hauishi kwa siku moja. Ilikuwa mbaya zaidi. Sauti ya Mashinisti imekuwa sasa kitu cha kuchekesha. Inakohoa, watu wanacheka. Inamwita Kapteni binti yangu. Vijana waliokufa pamoja naye nyuma ya mlango hawatajwi kabisa, kana kwamba moshi uliwafuta mpaka majina. Niliizima katikati, nikamrudishia binamu kle yake. Anaendelea kuitazama kwenye telefone, na bado anaamini ile epizode ndiyo nzuri kuliko zote. Shuleni pia wako walimu wanaosema hivyo, waliolia, walioituma kwa kila rafiki. Nikiwauliza ni nani hasa aliyemsamehe Kapteni, wanasema nachimba sana. Ninaondoka pale kabla sijawakosea adabu.

Jambo moja binamu alinitii. Sauti za Mama zimebaki zilivyo, kwenye telefone yangu. Moja anauliza kama nimelipa minerval, ada ya shule, ya watoto wa shangazi. Nyingine ni upepo mtupu na mtu anaita kuku.

Papa amerudi kwenye maneno yake machache, na mengi ya hayo ni juu ya Mama. Anasimulia walivyokutana Kabalo, treni ikiwa imekwama, na yeye Mama akaja mbele mpaka kwenye injini kumuuliza mashinisti kama amelala. Anasimulia vizuri, polepole. Mara nyingi anafika mahali anasimama. "Hapa alisema kitu," anasema. "Nimesahau alisema nini." Tunangoja kidogo. Halafu anaruka pale, anaendelea na kilichofuata.